KIGAE HAKIZUII MAJI: TAYARISHA KWANZA UKUTA WA BAFU

Hebu tuanze na habari ya mama mmoja wa kijiji cha jirani. Jina lake tunaliacha, maana mambo ya nyumba ya mtu ni yake mwenyewe.

Mama huyu ni mjane. Anaishi na wajukuu wanne. Nyumba yake ni ya matofali ya udongo ambayo hayakuchomwa, yenye bati juu. Nyuma ya nyumba pana bafu dogo. Ukuta mmoja wa bafu hilo ndio huo huo ukuta wa chumba wanacholala wajukuu.

Binti yake anafanya kazi mjini. Siku moja akamletea mama yake vigae vya ukutani, vile ambavyo watu wengi huviita marumaru au tailizi. Vilikuwa vyeupe, vinang'aa. Mama akafurahi sana. Akauza magunia mawili ya mpunga, akamlipa fundi, vigae vikapandishwa kwa siku mbili tu. Majirani wakaja kutazama. Wengine wakaomba waoge humo mara moja, wajionee.

Masika moja yakapita. Masika ya pili vigae vikaanza kulia vikigongwa, kama mtungi mtupu. Halafu asubuhi moja, kishindo! Vigae vya upande mzima vikaanguka pamoja na lipu yake. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa mpaka ndani, laini kama ugali. Ungeweza kuingiza kidole. Na upande wa pili wa ukuta ule ndipo penye kitanda cha watoto.

Fundi alipoulizwa akasema vigae vile vilikuwa vibovu. Mwenye duka aliyeviuza akasema fundi ndiye mbovu. Lakini kosa halikuwa katika vigae hata kidogo. Kosa lilikuwa katika ukuta uliokuwa nyuma ya vigae.

MAJI HUPITA WAPI?

Watu wengi wanaamini kuwa kigae ndicho kinachozuia maji. Wanasema, "Nikishaweka vigae, ukuta wangu umepona." Sivyo.

Kigae chenyewe, ule uso wake unaong'aa, ni kweli maji hayapiti. Lakini ukuta hauna kigae kimoja. Una vigae mia au zaidi, na kati ya kigae na kigae pana mstari uliojazwa saruji. Mstari huo hunywa maji kidogo kidogo kila mtu anapooga. Watu sita wakioga kila siku, ukuta unalowa mara sita. Tena pale kwenye kona, na pale ukuta unapokutana na sakafu, mara nyingi hutokea ufa mwembamba kama unywele. Maji hayahitaji mlango mkubwa.

Basi maji yakishapita nyuma ya kigae, yanakuta nini? Hilo ndilo swali. Yakikuta lipu nzuri ya saruji, iliyoshikana vema na ukuta, hayafanyi madhara makubwa. Yakikuta chokaa, rangi, vumbi au udongo, kazi yote imeharibika. Kigae hushika kile kilichopakwa nyuma yake. Kile nacho kikiachia, kigae kitafanya nini? Kitaanguka nacho.

TAZAMA KWANZA UKUTA WAKO

Kabla ya kununua kigae hata kimoja, simama mbele ya ukuta wako uutazame. Kazi hii haina gharama.

Gonga ukuta wote kwa mpini wa nyundo, polepole, ukisikiliza. Ukisikia sauti nzito, lipu imeshika. Ukisikia sauti tupu, lipu imeachana na ukuta. Piga alama ya mkaa hapo. Sehemu hiyo yote itatolewa.

Pitisha kiganja chako ukutani. Kikitoka na unga mweupe au vumbi, kigae hakitashika hapo. Kisha chukua msumari, chora msalaba kwa nguvu. Lipu nzuri huacha mchoro mwembamba tu. Lipu iliyotiwa saruji kidogo humomonyoka kama mkate mkavu, na hiyo pia itatolewa.

Nyunyiza maji kidogo. Maji yakiingia upesi sana, ukuta una kiu, itabidi unyweshwe kabla ya kazi. Maji yakiteleza na kushuka yote bila kuingia, kuna rangi ya mafuta au uchafu wa sabuni.

Tazama pia chini, karibu na sakafu. Je, kuna unga mweupe unaofanana na magadi? Hiyo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanapita ukutani, yakikauka yanaiacha chumvi pale. Usiioshe kwa maji, maana utairudisha ndani. Ipanguse kwa brashi kavu. Halafu tafuta maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni maji ya bafu lenyewe yanayotuama nje kwa kukosa mfereji. Chimba mfereji kwanza, uache ukuta ukauke. Ukifunika chumvi kwa vigae, chumvi itavisukuma vigae.

UKUTA WA UDONGO MBICHI

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Wengi wetu vijijini nyumba zetu ni za matofali ambayo hayakuchomwa, au za miti na udongo. Je, tunaweza kuweka vigae?

Jibu la kweli ni hili: usipandishe vigae juu ya ukuta wa udongo mbichi katika mahali pa kuogea. Najua jibu hili halipendezi. Fundi anayetaka kazi atakwambia inawezekana. Lakini saruji na udongo si ndugu. Udongo ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa. Saruji yenyewe ni ngumu, haifuati. Basi lipu ya saruji hupasuka na kuachana na udongo. Maji huingia katika nyufa, na udongo ukishalowa unarudi kuwa tope. Ubaya ni kwamba lipu na vigae huficha jambo hilo. Nje panang'aa, ndani panaoza. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yule.

Iko njia ya kufanya. Jenga ukuta mwingine mwembamba ndani ya bafu, wa matofali ya kuchoma au ya saruji, wenye msingi wake wa mawe au zege. Usiuegemeze kwenye ukuta wa udongo. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu katikati, na juu yake zuia mvua na maji ya kuoga yasiingie humo. Ukuta huo mpya ndio utakaopigwa lipu na kubeba vigae. Njia ya pili, ambayo mimi naiona nzuri zaidi kwa nyumba ya udongo, ni kujenga bafu kando, mbali kidogo na nyumba. Wazee wetu waliweka mahali pa kuogea nje ya nyumba. Hawakuwa wajinga.

Kama ukuta wako ni wa matofali ya kuchoma, ya saruji, au wa mawe, endelea kusoma.

KUTOA YA ZAMANI

Chukua nyundo na tindo. Toa lipu yote iliyotoa sauti tupu. Usione huruma. Toa chokaa yote. Toa rangi, kwangua mpaka uone lipu yenyewe. Wengine hugongagonga rangi kwa ncha ya nyundo, eti vitundu vitasaidia saruji kushika. Vitundu husaidia kidogo tu. Rangi iliyobaki kati yake bado itaachia.

Funga kitambaa puani, maana vumbi hili ni baya kwa mapafu. Watoto wakae mbali.

Ukifika kwenye matofali, kwangua udongo au saruji iliyo kati ya tofali na tofali, iingie ndani kiasi cha sentimita 1. Mifereji hiyo midogo ndiyo meno ya kushikia lipu. Kisha fagia vumbi lote, uoshe ukuta.

Kama kuna bomba la maji litakalopita ukutani, liwekwe sasa. Lijaze maji, uliache siku nzima, utazame kama linavuja. Bomba linalovuja ndani ya ukuta wa vigae ni msiba. Utavunja vigae vizima kulitafuta.

MCHANGA NDIO UTAKAOKUUMBUA

Watu huhesabu mifuko ya saruji, lakini mchanga hawauangalii. Kumbe katika lipu mchanga ndio mwingi. Mchanga wenye tope hudhoofisha saruji, hata ungeongeza mfuko mzima.

Pima hivi. Chukua chupa nyeupe inayoonyesha ndani. Tia mchanga mpaka nusu, jaza maji, tikisa sana, iache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, na tope litakaa juu yake kama tabaka laini. Tope likizidi sehemu moja katika kumi ya mchanga, mchanga huo uoshe au utafute mwingine. Mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa na ndogo pamoja ndio mzuri. Mchanga wa pwani ya bahari usiutumie; una chumvi.

Chekecha mchanga, utoe mawe, majani na mizizi.

Saruji nayo itazame. Ukishika donge kwenye mfuko na halivunjiki kwa vidole, saruji hiyo imeshanyonya unyevu, imekufa. Weka mifuko juu ya mbao, si juu ya sakafu, wala isigusane na ukuta.

VIPIMO

Tumia ndoo moja kwa kupimia vyote viwili. Usipime saruji kwa ndoo na mchanga kwa koleo. Kwa lipu ya bafu, tia saruji ndoo 1 na mchanga ndoo 4. Fundi akikwambia 1 kwa 8, mwambie hiyo ni lipu ya banda la kuku.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa lita 35 hivi. Kwa ndoo ya lita 20, ni ndoo 1 na robo tatu. Basi mfuko mmoja unahitaji ndoo 7 za mchanga. Lipu yake, ikiwa na unene wa sentimita 1 na nusu, itafunika mita za mraba 8 hivi.

Sasa tupige hesabu ya bafu dogo. Urefu mita 1 na nusu, upana mita 1 na sentimita 20. Kuta nne zikijumlishwa ni mita 5 na sentimita 40. Toa mlango wa sentimita 70, inabaki mita 4 na sentimita 70. Ukipandisha mpaka mita 2, ni kama mita za mraba 9 na nusu. Kwa hiyo mifuko 2 ya saruji itatosha lipu na ile kazi ya kwanza nitakayoieleza sasa hivi. Ukijua hesabu hii, hakuna atakayekuambia ulete mifuko 5.

KUPIGA LIPU

Nywesha ukuta maji jioni, na asubuhi tena. Tofali kavu hunyonya maji ya lipu kabla saruji haijakaza, na lipu inabaki kama mchanga mtupu. Lakini usipige lipu wakati maji bado yanatiririka. Ukuta uwe na unyevu tu.

Kwanza fanya uji mzito wa saruji 1 na mchanga wenye chembe kubwa 2. Urushe ukutani kwa mwiko, kwa nguvu, utapakae kama ndui. Usiulainishe. Uache ukaze mpaka kesho, ukiunyunyizia maji. Mafundi wengi wanaruka hatua hii kwa sababu haionekani baadaye. Usikubali iachwe. Hii ndiyo inayoshikanisha lipu na tofali.

Kesho yake changanya lipu. Changanya saruji na mchanga vikiwa vikavu, geuza mara tatu mpaka rangi iwe moja. Ndipo utie maji kidogo kidogo. Finyanga donge mkononi: likikaa bila kuvunjika na bila kudondosha maji, inatosha. Changanya kiasi cha kutumia kwa muda wa saa moja. Lipu iliyoanza kukauka kwenye karai usiiongezee maji kuifufua. Itakuwa laini tena, ndiyo, lakini nguvu yake imekwisha.

Ukuta wa vigae lazima unyooke kuliko ukuta mwingine wowote. Ukuta uliopinda ukipakwa rangi hauonekani sana. Ukiwekewa vigae, kila mtu ataona. Tumia timazi. Kama huna, funga jiwe kwenye uzi, uache uning'inie. Bandika vipande vidogo vya ubao kwa lipu juu na chini ya ukuta, vilingane na uzi. Vipande hivyo ndivyo vitakavyokuonyesha unene. Jaza lipu katikati, kisha pitisha ubao mrefu ulionyooka, ukikata iliyozidi. Pakihitaji unene wa kupita sentimita 1 na nusu, piga mara mbili. Ya kwanza ichore kwa msumari ikiwa mbichi, uipige ya pili kesho yake.

Mwisho weka ubao wa mita 2 ukutani. Nafasi kati ya ubao na ukuta isizidi milimita 3.

Kona nazo zipime. Kutoka kwenye kona pima sentimita 60 upande mmoja, na sentimita 80 upande wa pili. Toka alama hadi alama iwe sentimita 100 kamili. Ikiwa hivyo, kona ni sawa.

Jambo la mwisho hapa, na wengi hulikosea: usipake niru. Niru ni nzuri kwa ukuta usiowekwa vigae, maana unateleza na maji hushuka upesi. Lakini kigae hakishiki kwenye uso laini. Sugua lipu kwa bao la mti tu, uiache ikiwaruza kidogo.

UVUMILIVU

Saruji haikauki kama nguo. Inakaza kwa kuyatumia maji. Ikinyimwa maji inabaki dhaifu. Kwa hiyo mwagilia lipu mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku 7, na uifunike kwa magunia yaliyolowa kama jua linapiga. Baada ya hapo iache ikauke. Usipandishe vigae kabla ya wiki 2 kupita. Wiki 4 ni bora zaidi, maana lipu ikikauka husinyaa, na ikisinyaa baada ya vigae kupandishwa huvivuta na kuvipasua. Binti ya yule mama alikuwa na likizo ya wiki moja, akataka aone kazi imekwisha kabla hajarudi mjini. Unaweza kuielewa haraka yake.

KONA NA SAKAFU

Pale ukuta unapokutana na sakafu, jaza lipu ya saruji 1 kwa mchanga 3, uifanye iwe na mviringo kama ndani ya bakuli. Maji hayatapata pa kujificha. Sakafu iteremke kuelekea tundu la kutolea maji: sentimita 2 kwa kila mita 1 zinatosha. Mwaga maji uone yanakokwenda. Yakituama, rekebisha sasa.

Kisha zuia maji. Siku hizi madukani kuna dawa za kupaka ukutani za kuzuia maji. Nyingine ni za kopo, nyingine ni unga wa kuchanganya na saruji. Kama una fedha, nunua, usome maelezo, au mwombe mtoto wa shule akusomee yale yaliyoandikwa kwa lugha ya kigeni. Paka mara mbili, mara ya kwanza juu na chini, mara ya pili kushoto na kulia. Kama huna fedha, paka uji wa saruji kwa brashi namna hiyo hiyo. Hauzuii kabisa kama dawa, lakini unaziba vitundu vingi. Brashi iache mistari yake, usiilainishe. Mtu anayeoga kwa kopo hurusha maji mpaka begani, hivyo paka mpaka mita 1 na nusu. Kwa bomba la mvua, paka mpaka mita 2.

Rangi ya mafuta si dawa ya kuzuia maji nyuma ya vigae. Nimeona mahali ilipopakwa. Vigae vilitoka visafi kabisa, kama sahani.

Neno moja kuhusu mikono yako. Saruji mbichi huunguza ngozi polepole, hata usisikie mapema. Vaa glavu au funga mifuko ya nailoni mikononi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20, kisha nenda zahanati.

Kazi ya kulainisha kuta za mahali pa maji si ngeni kwetu. Kule Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, liko bwawa la kuogea lenye pembe nane. Waashi wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa waliyoichoma wenyewe. Saruji ya kiwandani hawakuwa nayo; iligunduliwa Uingereza mwaka 1824.

Tuliporudi kumtembelea mama yule tulimkuta nje, ameketi kwenye kigoda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kuona aibu yangu?"

Aibu hakuna. Chumba cha wajukuu kimejengwa upya ukuta wake. Bafu sasa liko kando, hatua kumi na mbili kutoka nyumbani, la matofali ya kuchoma. Lipu ilipigwa na fundi mwingine, na mama mwenyewe ndiye aliyepima ndoo za mchanga, akiweka kokoto moja chini kwa kila ndoo. Vigae vilivyookoka ameviosha, kavipanga chini ya kitanda. Ni 64. Havitoshi kuta zote, basi vitapanda upande wa kuogea peke yake.

"Na lini vitapandishwa, mama?"

Akatuonyesha mlango wa bafu. Kwa ndani kulikuwa na mistari ya mkaa, mmoja kwa kila siku tangu lipu ilipopigwa. Tukahesabu. Ilikuwa 19.

"Fundi amekuja mara mbili kuniuliza," akasema. "Nimemwambia akalime kwanza."